Anayekutisha, yeye alitishwa na nani?

Ukishatazama filamu nyingi za kutisha, mwishowe unajua mlango utafunguka lini na nani atakufa wa kwanza. Orodha za "filamu bora" hazikuokoi, maana zinarudia majina yaleyale. Mimi hurudi nyuma: kazi ikinitisha kweli, namtafuta aliyemtisha mtunzi wake.

Watunzi wenyewe hawana choyo. Mwaka 1927 Mmarekani H. P. Lovecraft alichapisha insha ndefu inayopitia hadithi za kutisha za karne kadhaa, na anasema bila kificho ipi inafaa na ipi inachosha. Stephen King naye aliweka orodha za filamu na vitabu mwishoni mwa kitabu chake Danse Macabre (1981). Lovecraft ndiye aliyenipeleka kwa Mwingereza M. R. James, na hapo ndipo ningependa uanzie, kwa kuwa hadithi zake ni fupi. James hana haraka. Anakupa wasomi, maktaba, vumbi, halafu katika hadithi moja ya 1911 mtu anapenyeza mkono chini ya mto wa kulalia gizani na kugusa mdomo wenye meno, nywele zimeuzunguka. Basi. Hakuna hata tone la damu, na usiku ule sikuzima taa.

Kwenye katuni, mtafute Mjapani Junji Ito, hasa Uzumaki, kisa cha mji unaoandamwa na umbo la mviringo unaojisokota kama wa gamba la konokono. Kisha panda kwa Kazuo Umezu, ambaye Ito alimsoma tangu utotoni. Katika The Drifting Classroom shule nzima inatoweka pamoja na wanafunzi wake. Ukipata kitabu cha karatasi ni bora kuliko simu, kwa sababu Ito hupenda kuificha picha mbaya kuliko zote nyuma ya ukurasa unaokaribia kuufunua.

Filamu za zamani nyingine unazitazama bure bila kuiba. Night of the Living Dead ya 1968 ilipoteza hakimiliki Marekani kwa uzembe tu: jina lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki halikurudishwa kwenye filamu. Usiikimbie eti haina rangi. Maiti wa kwanza anayetembea anatokea mapema, makaburini, kaka bado anamtania dada yake.