Nimekopi C yote kwenye diski mpya, mbona kompyuta haiwaki?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Nina steshenari hapa Morogoro, kompyuta ya mezani ina Windows 10 na ndani kuna kila kitu, programu ya hesabu za duka, fomu za wateja, picha za paspoti za miaka kibao. Diski yake ni ile ya zamani ya GB 500, nikaogopa isije ikafa, nikanunua SSD ya GB 480 na ule waya wa kuchomekea USB, nikafungua C nikachagua vyote nikakopi nikapesti. Vingine viligoma ila vingi vilienda. Fundi kaifunga ile mpya ndani, skrini inasema haioni kitu cha kuwashia. Shida nini wakati vitu vyote vimo mule? (Mama Steshenari)

JIBU: Dada, salama kabisa. Kwanza mwambie fundi arudishe ile ya zamani, itawaka kama kawaida maana ulikopi tu hukuhamisha.

Picha na fomu kweli zimo kwenye hiyo mpya, kisichokuwemo ni kile kinachoiwasha Windows. Kwa mashine nyingi za siku hizi kinakaa kwenye kipatisheni (kipande cha diski kilichotengwa) chake chenyewe, mara nyingi cha MB 100 hivi, hakina herufi kama C au D kwa hiyo hata ukifungua kompyuta hukioni, na kukopi na kupesti hakugusi huko. Na yale mafaili yaliyogoma ndiyo Windows ilikuwa inayatumia muda huohuo, imeyashikilia, ikiwemo rejista yake, yaani daftari la mipangilio yake. Yaani hapo hata ungerudia kupesti mpaka kesho isingewaka.

Unachotaka ni kukloni diski nzima, patisheni zote na mpangilio wake. Mimi natumia Clonezilla, ni ya bure, inaandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus halafu unawashia kompyuta kwa hiyo flashi, Windows ikiwa imezimwa kabisa, kwa hiyo hakuna faili la kugoma. Sura yake mbaya, maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, usiogope.

Ila hiyo 480 haitakubali. Clonezilla kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, haijali umejaza kiasi gani. Ya 500 Windows inaionyesha kama 465, hiyo yako itasoma 447. Kuna njia ya kuipunguza C kwanza lakini kuna patisheni nyingine huwa zimekaa mwishoni mwa diski zinaleta usumbufu, kwa mtu wa mara ya kwanza simshauri, tafuta tu ya 512 au ya TB 1. Ile 480 usiiuze, acha na hayo mafaili uliyokwisha kopi, hiyo nayo ni bakapu, haiwaki tu.

Ukipata kubwa, chomeka kwa ule waya wako, zima Windows huku umeshikilia Shift, maana bila hivyo Windows 10 mara nyingi haizimi kabisa, inasinzia, na Clonezilla ikikuta hivyo inalalamika. Washa kwa flashi, kwa Dell na Lenovo nyingi unabonyeza F12, HP ni F9. Chagua "device-device", halafu "disk_to_local_disk".

Hapa ndipo utulie. Itakuuliza diski ya kutoka halafu diski ya kwenda, na haikuandikii "ya zamani" na "mpya", inakuandikia sda na sdb pamoja na ukubwa na modeli. Usibahatishe kwamba sda lazima ndiyo ya zamani. Andika modeli za zote mbili kwenye karatasi kabla hujaanza, kwa sababu ukizigeuza inachukua diski tupu inaikopi juu ya ile yenye mali, na ya kwenda inafutwa yote bila huruma. Itakuuliza y au n zaidi ya mara moja, kila mara soma tena.

Ikimaliza zima, toa ya zamani, funga mpya ndani ujaribu siku hiyohiyo. Usijaribu kuiwashia kwenye USB, Windows ya kawaida huko inasumbua, na usiwashe zote mbili zikiwa zimechomekwa, zina utambulisho mmoja zinachanganyana. Leseni ya Windows haisumbui maana kompyuta ni ileile, lakini fungua programu ya hesabu uone, baadhi zinashika namba ya diski na zinaomba kusajiliwa upya. Ikikubali fanya kazi na hiyo mpya, ya zamani weka kabatini. Hesabu za kila siku endelea kuzikopi kwenye 480, kloni inajua mambo ya siku uliyoitengeneza tu.

SWALI: Niko Mombasa, natumia MacBook Air ya M1, ile yenye chipu ya Apple yenyewe. Zamani kwenye Mac ya Intel nilikuwa nakloni kwenye eksitano (diski ya nje) na nawasha nayo. Bado inafaa?

JIBU: Kwa hiyo M1 usijisumbue sana. Tangu Big Sur, toleo la macOS la 2020, mfumo wenyewe uko sehemu iliyofungwa kwa saini ya Apple, kuikopi si kama zamani. Kubwa zaidi, M1 hata ukiiwashia eksitano inaanzia kwanza kwenye SSD ya ndani, sasa hiyo ikifa, na imeunganishwa kwenye bodi, eksitano haikusaidii kuwasha. Tumia Time Machine, programu ya bakapu iliyomo kwenye Mac, siku ukipata Mac nyingine inavuta vitu vyako vyote humo.