Kabla hujaandika tamko, piga simu

Nina picha moja kwenye simu ambayo siifuti. Tumesimama wanawake saba mbele ya ukumbi wa kanisa mtaani Umoja, hapa Nairobi, tumeshika bango: "Dada zetu wa Mara, tuko pamoja nanyi." Rangi ilikuwa haijakauka, ukiangalia vizuri utaona imenipaka kiganja. Tunatabasamu kama watu waliofanya kazi.

Ilikuwa Novemba, likizo ndefu ikikaribia. Walio karibu na Wakuria wanajua maana ya majira hayo. Wazee wa koo wakishakaa na kutangaza msimu, wasichana huanza kuandaliwa kukeketwa. Wakuria wako pande zote mbili, Migori kwetu Kenya na Tarime mkoani Mara kwa Tanzania, na pale Isebania na Sirari mpaka ni kitu cha kuvuka kwa miguu huku umebeba ndizi. Msichana akifichwa upande huu, hupelekwa upande ule. Habari tulizipata kwa dada mmoja wa Tarime niliyekutana naye kwenye mafunzo hapa Nairobi mwaka uliotangulia. Aliniambia kwa sauti ya WhatsApp kijiji ni kipi na wiki ni ipi. Aliniambia mimi.

Kufikia jioni tulikuwa tumeandika tamko. Kijiji tukakitaja, wiki tukaitaja, Kiingereza tukatafsiri, picha tukaiweka juu. Watu wakatupongeza mpaka usiku.

Siku ya tatu alinipigia. Hakunisalimia, na Mtanzania akikupigia bila salamu, tafuta kiti ukae. "Mdogo wangu, ninyi mmetusaidia au mmetuchoma?" Wenye shughuli yao ya kukeketa waliliona tamko, wakaiwahisha siku. Yeye na wenzake walikuwa wamepanga kuwatoa wasichana mmoja mmoja hadi nyumba salama, kwa visingizio vya kwenda kumwona shangazi au kupeleka unga. Mpango ulihitaji siku kama kumi. Sisi tuliwaachia nne. Hakuniambia ni wangapi hawakuwahi, nami niliacha kuuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka ndio huu tu: kabla kikundi chako hakijaandika neno lolote kuhusu wanawake wa nchi nyingine, wapigie wao. Waulize, mnataka tuseme nini, lini, na kuna nini tusikiseme? Wakisema nyamazeni, nyamaza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi wa Nairobi tuna tabia ya kwenda kuwapulizia wenzetu dawa ya kunguni wakiwa bado wamelala.

Tabia hiyo naijua inakotoka. Mji huu umezoea kuwa mwenyeji. Julai 1985 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wake wa tatu wa wanawake pale KICC, jumba la mikutano la katikati ya mji, na vikundi visivyo vya serikali vikajaa viwanja vya Chuo Kikuu cha Nairobi, zaidi ya watu 10,000. Shangazi yangu alikuwa akiuza chai karibu na hapo. Anakumbuka kwamba kulikuwa na hema la amani, na ndani ya hema la amani watu walikuwa wakigombana kutwa. Miaka mitatu baadaye, 1988, mtandao wa wanawake wa Afrika, FEMNET, ukaanzishwa na makao yake yakawa hapa. Gigiri, yenye ofisi za Umoja wa Mataifa, iko hapa. Mikutano iko hapa. Ukikaa Nairobi miaka mingi unaanza kuamini kwamba wanawake wa Afrika wote hupitia kwako kupata idhini.

Dawa ya kiburi hicho ni kusoma sheria za majirani. Itifaki ya Maputo, ile ya haki za wanawake Afrika, ilipitishwa Julai 2003 na kuanza kutumika Novemba 2005. Tanzania iliiridhia 2007. Kenya, sisi tunaojiona tumetangulia, tuliiridhia 2010, tena tukakataa kufungwa na vipengele viwili: kile kinachotaka matumizi ya kijeshi yapunguzwe ili fedha ziende kwa maendeleo ya wanawake, na kile cha utoaji mimba kwa usalama. Nilipoijua tarehe hiyo nilikuwa tayari nimeshawahutubia Watanzania wawili kuhusu itifaki hiyo hiyo. Walinisikiliza kwa adabu sana.

Ila kusoma sheria si kwa ajili ya kujitia aibu tu. Sheria ya Kenya ya 2011 dhidi ya ukeketaji inamlinda mwanamke wa umri wowote, na inamshika hata anayempeleka mtu nje ya nchi kukeketwa. Ya Tanzania, iliyotokana na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, inawalinda walio chini ya miaka 18. Pengo hilo wanaotaka kulitumia wanalijua kuliko mawakili wetu. Mawaziri wa Kenya, Tanzania, Uganda, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa Aprili 2019 kuzungumzia ukeketaji wa kuvushana mipaka, na ilikuwa hatua njema. Lakini saa nne za usiku pale Sirari hakuna waziri. Kuna mama mwenye namba ya afisa mmoja upande huu na mwingine upande ule. Ukitaka kusaidia, msaidie apate namba hizo, na vocha ya kuzipiga.

Tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo urafiki mwingi hufia. Usimwalike mtu Nairobi ukamwambia atarudishiwa nauli akifika. Anayeweza kukukopesha nauli ya kutoka Tarime pengine si yule unayemhitaji. Kumbuka pia kwamba Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho cha taifa, lakini wa Tanzania anahitaji pasipoti au hati ya muda, na hati ina gharama na foleni. Tuma mapema, tena tuma na ya kutolea. Na kama mfadhili wako anataka risiti ya bodaboda kutoka kijiji ambacho hata daftari la duka hakina, hiyo vita ni yako, usimtwike mgeni. Mimi nimewahi kumwomba mama wa miaka hamsini na kitu amrudie kijana wa pikipiki ili amwekee sahihi. Bado naona haya.

Lugha nayo. Tunajidanganya kwamba Kiswahili kinatuunganisha wote. Na Watanzania kinatuunganisha hadi Mkenya afungue mdomo. Sisi husema "nipe maji", wao husema "naomba maji", na mimi nimeendesha kikao kizima nikitoa amri bila kujua. Na Waganda ni hadithi nyingine. Rafiki yangu wa Kampala aliniambia kwamba mama yake akisikia Kiswahili husikia askari barabarani. Nilikuwa nimefungua mkutano kwa Kiswahili nikijivuna kwamba tumekwepa lugha ya mkoloni. Siku hizi tunaulizana kabla, na mara nyingi tunaishia mchanganyiko wa lugha tatu na mtu wa kutafsiri kwa kunong'ona. Mambo yanachelewa. Yanachelewa, basi.

Nisisahau neno lenyewe, ufeministi. Mimi najiita mfeministi, na mkataba uliotoka kwenye kongamano la wafeministi wa Afrika, Accra 2006, ulisema tujiite hivyo bila "lakini". Naukubali. Lakini (ndiyo, nimelitumia) dada yangu wa Tarime hajiiti hivyo. Anajiita mama wa kanisa. Amewalaza wasichana sebuleni kwake, ametukanwa na mashemeji, amekatiwa migomba shambani. Kuna mwenzetu alitaka kwanza dada huyo athibitishe msimamo wake kuhusu mambo sita kabla ya kuandikwa kwenye orodha yetu. Nilimwuliza mwenzetu huyo yeye amekatiwa migomba mingapi. Hatukuelewana wiki mbili.

Halafu kubali kusaidiwa. Hili lilinichelewea sana. Januari 27, 2024, tulipojaa mitaani hapa Nairobi na miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo sikuijua. Kina dada wa nje walikuwa wakiniandikia, tuwafanyie nini? Nikajibu "mko nasi kimoyo", jibu la mtu anayetaka kuonekana ana nguvu. Yule wa Tarime hakuandika. Alipiga simu usiku, akauliza kama nimekula, kisha akataka nimsomee orodha ya watu wa kikundi chetu waliorudi nyumbani na wasiorudi. Tukaipitia jina kwa jina. Mmoja tu hakuwa amepokea simu, na saa sita tukampata kwa dada yake, betri imekufa. Ni yeye, mtu tuliyemchoma, aliyenifundisha kwamba baada ya maandamano lazima pawe na mtu wa kuhesabu watu.

Alitusamehe? Sikuwahi kumwuliza waziwazi. Mwaka mmoja baada ya lile tamko nilipanda basi hadi Isebania, nikavuka, nikala ugali wa mtama kwake, nikaosha vyombo. Hatukulizungumzia mpaka nilipokuwa nafunga begi. Akasema, "Mkiandika tena, nitumieni kwanza." Ndivyo tunavyofanya. Mara mbili amefuta aya nzima, na mara moja amefuta tamko lote.

Mwaka huu ametuma ujumbe mapema kuliko kawaida. Hataki bango. Anataka simu tano ndogo za vibonye, zinazokaa na chaji wiki nzima, awape kina mama watano wa vijiji vitano. Yeye anaziita vitochi, sisi tunaziita mulika mwizi. Tumechanga za nne. Ya tano tunaitafuta, na ya kutolea.