Mwimo wa Mlango wa Bibi, Ujiji

Wiki iliyopita dada mmoja wa Tabora, anayekaa upande wa Kwihara, aliniandikia: “Dada yangu, mlango wa nyumba ya marehemu babu umeliwa na mchwa kwa chini. Fundi anasema tung’oe wote tuweke geti la chuma. Nimeona picha za mlango wenu wa Ujiji, nami nataka kujifunza. Nianzie wapi?”

Nilimjibu papo hapo kwa maneno machache: usimruhusu aguse kitu. Leo namjibu kwa kirefu, maana najua mko wengi. Kila aliyeachiwa nyumba ya zamani na wazee wake anatamani siku moja aione imesimama kama walivyoiacha.

Nianze na kidonda. Nyumba ya bibi ilikuwa na milango miwili ya mninga. Ule wa uani ulikuwa na mfaa, ule ubao wa katikati panapokutana mbao mbili za mlango, uliochongwa maua toka juu hadi chini. Miaka saba iliyopita baba mdogo alileta fundi. Mimi nilikuwa kazini Kasulu. Niliporudi Ijumaa nilikuta geti jeusi, na mfaa umepasuliwa vipande vitatu, uko jikoni. Viwili vilikwisha kuteketea chini ya sufuria. Wali wa siku ile sikuula. Kipande cha tatu ninacho mpaka leo, kifupi kuliko mkono wangu, upande mmoja umeungua. Nilipomuuliza fundi, akasema, “Ulikuwa umeoza, dada.” Kweli ulikuwa umeoza, chini, kiasi cha shubiri moja. Shubiri moja, mlango mzima ukahukumiwa!

Mlango wa mbele ulibaki, na mwimo wake wa kulia, yaani nguzo ya pembeni ya fremu, ulikuwa na ugonjwa ule ule. Nikaapa kwamba huu hakuna atakayeupasua. Nikazunguka kwa mafundi seremala wa Mwanga na Ujiji kuomba kufundishwa. Ni mafundi wazuri wa vitanda na makabati, sibishi. Lakini kila nilipouliza namna ya kukata palipooza na kuunga kipande kipya, jibu lilikuwa lile lile: nunua mbao, weka mwimo mpya. Mmoja alicheka mbele ya vijana wake, akaniuliza kama nimekosa mume wa kunitengenezea mlango. Sijasahau.

Mwalimu wangu nilimpata Kibirizi, nilikokwenda kununua dagaa. Mzee mmoja alikuwa amepandisha boti kuukuu mchangani, anang’oa ubao mmoja tu ubavuni, tena si wote, ile sehemu iliyooza. Nikasimama pale mpaka jua likawa kali. Nikamwamkia, nikamweleza habari ya mlango. Akanitazama, akasema, “Binti, mwenye boti hatupi boti kwa sababu ya ubao. Njoo Jumamosi.”

Miezi mitatu ya mwanzo sitaisimulia. Nilinoa patasi, nikapiga randa, nikanoa tena. Ila hapo ndipo ulipo ushauri wangu wa kwanza: jifunze kunoa kabla ya kitu kingine chochote. Patasi butu haikati mninga mkavu, inauponda, na kiungo kilichopondwa hakikazi.

Kazi yenyewe ni kuunga kwa mshazari. Huunganishi mbao mbili kichwa kwa kichwa, unazikata zote kwa mteremko zilaliane. Kwenye ubao wa boti, mzee alinifundisha urefu wa mshazari uwe mara nane ya unene: ubao wa inchi moja, mshazari wa inchi nane, kwa sababu ubao wa boti unapindwa na kupigwa na mawimbi. Mwimo wa mlango haupindwi, unasimama na kubeba uzito wa juu. Wangu una unene wa inchi tatu, nikaukata mshazari wa inchi tisa, nikaukaza kwa vigingi viwili vya mti mgumu uliokauka. Gundi sikutia. Atakayekuja baada yangu akitaka kukitoa kipande changu, atagonga vigingi tu.

Mara ya kwanza niliharibu, na nalisema hili kwa uchungu. Mteremko niliuelekeza ndani ya nyumba. Kiungo kilikaa vizuri mno, nikakipiga picha, nikaituma kwa kila ndugu. Mvua za Novemba zilipoanza, maji yakateremka usoni mwa mwimo, yakaingia kwenye kiungo na kutuama humo. Kufikia Aprili kipande changu kilikuwa cheusi, laini kama muhogo uliolowekwa. Baba mdogo akasema, “Si nilikwambia?” Nililia usiku ule. Kwa hiyo, mteremko ushuke kuelekea nje. Kabla hujagusa msumeno, simama mlangoni ujiulize tone la maji likidondoka hapa litapita wapi.

Kosa la pili lilikuwa la mbao. Nilinunua ubao wa bei rahisi, nusu nyekundu, nusu nyeupe. Ule weupe ni sehemu ya nje ya mti, na wadudu wanaupenda. Ndani ya mwaka mmoja ukabunguliwa, sakafuni unga mtupu. Katika mninga, chagua kiini chekundu, kikavu, na nyuzi zake zifuate nyuzi za mwimo wa zamani. Sisi wa Kigoma na Tabora miti hii tunayo kwetu, hatuna sababu ya kuziba mninga kwa paini.

Jambo la tatu ni ukuta, maana ubao hauozi peke yake. Nyumba zetu ni za udongo. Mtu akipiga lipu ya saruji kuzunguka mlango, unyevu unaopanda kutoka ardhini unakosa pa kupumulia, unatokea penye ubao. Nilibandua saruji yote kuzunguka mwimo, nikarudishia udongo na chokaa, na chini ya mwimo nikaweka jiwe bapa ili ubao usigusane na ardhi. Mchwa sasa hawapandi kwa siri. Wakijenga njia yao juu ya jiwe, naiona.

Ndugu zangu, tusidanganyane. Wageni wanakuja Ujiji kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Wanapiga picha chini ya miembe, wanaondoka. Huko Kwihara kuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, linatunzwa. Vizuri sana. Lakini babu zetu waliochonga milango, Wamanyema, Waha, Wanyamwezi na Waswahili wa pwani waliofuata njia ya misafara, kumbukumbu yao iko wapi kama si kwenye miimo na vizingiti tunavyopikia wali? Wapo vijana wanaong’oa mlango wa bibi yao na kuuza kwa mtu wa gari kwa bei ya simu. Kijana, simu hiyo itakufa kabla ya mwaka mpya. Shika patasi!

Na wewe dada wa Tabora, kabla ya yote piga picha kila upande, kisha uandike namba kwa chaki kwenye kila kipande utakachokitoa. Ulizia pia umri wa nyumba. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja, na mengine yanaweza kutangazwa. Ukidhani lenu limo, nenda kwa watu wa Mambo ya Kale kwanza. Kisha chukua bisibisi, uichomeke kwenye ubao ukianzia chini, ukipanda polepole. Itakapogoma kuingia, weka alama ya penseli. Kilicho chini ya alama hiyo ndicho cha kuondoa, na juu yake chukua nafasi ya mshazari tu, kwenye ubao mzima. Juu ya hapo usiguse.

Mwimo wangu wa kulia sasa umepita masika mawili mkavu. Wa kushoto umeanza kulainika vidole vinne kutoka chini. Ubao wake uko juu ya kenchi tangu Septemba, unakauka. Nitaukata mvua zikikatika.