Siku Moja Jijini na Familia Nzima: Maswali Yenu

Tutakuwa Paris siku moja tu na tumeorodhesha sehemu tisa za kutembelea. Tutazimaliza? (Baba wa watoto watatu)

Hamtazimaliza, ndugu yangu. Mkilazimisha, mtakachoona zaidi ni foleni na vituo vya treni. Chagueni kivutio kimoja kikubwa, mwende asubuhi miguu ikiwa bado na nguvu, kisha mchana mbaki maeneo hayohayo. Mkianza na jumba la makumbusho la Louvre, bustani ya Tuileries iko hapohapo na mto Seine uko kando yake. Watoto watakimbia, nanyi wazazi mtapata pa kukaa.

Hata ndani ya Louvre msitake kuona kila chumba. Waandaeni watoto kwa Mona Lisa, kwa sababu picha yenyewe ni ndogo, sentimita 77 kwa 53, na watu hujazana mbele yake. Ukuta unaotazamana nayo una harusi ya Kana iliyochorwa na Veronese, yenye upana wa karibu mita 10. Hapo waacheni watafute mbwa, wapiga ala na watumishi waliochorwa humo. Watakaa muda mrefu kuliko mnavyodhani.

Kabla ya yote hayo, angalieni siku za kufungwa. Louvre hufungwa Jumanne, na makumbusho ya Orsay, ng'ambo ya mto, hufungwa Jumatatu. Tiketi mnunue mtandaoni, zenye saa ya kuingia.

Mama mkwe ana miaka 74 na magoti yanamsumbua, lakini hataki kubaki hotelini. Tunakwenda London. (Mkwe mwenye wasiwasi)

Asiachwe hotelini, wala asiburuzwe. Yeye ndiye aweke mwendo wa siku nzima, na wengine wote mumfuate.

Msitegemee sana treni za chini ya ardhi. Reli hiyo ilianza kazi mwaka 1863, na vituo vyake vingi hadi leo havina lifti ya kumtoa mtu barabarani hadi kwenye treni. Pandeni basi. Mabasi ya kawaida ya London yana sakafu ya chini, na dirishani ataliona jiji ambalo wa chini ya ardhi hawalioni. Makumbusho mengi makubwa huazimisha viti vya magurudumu. Ulizieni mapema, kisha mwambieni kiti kipo akikihitaji.

Kanisa kuu la St Paul's lina ngazi 528 hadi kileleni mwa kuba. Wanaoweza wapande, yeye abaki chini akitazama kanisa kwa raha zake. Ila mpange kabla nani atabaki naye, na zamu hiyo isimwangukie mkwe wa kike kila mara. Na tafadhali, msimuulize mbele ya wajukuu kama amechoka, maana atasema hajachoka. Pumzikeni kwa saa mlizopanga, awe ameomba au hajaomba.

Naogopa kumpoteza mtoto kwenye umati. Nifanye nini? (Mama wa pacha)

Hofu yako ina msingi, mama, na maandalizi yake ni ya dakika chache. Asubuhi wapige picha kabla hamjatoka, ili ukiulizwa walivaa nini usianze kubabaika. Namba yako ya simu waandikie mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka. Majina yao usiyaandike mgongoni mwa nguo, kwa sababu mtu asiyewajua ataweza kuwaita kama anawafahamu.

Wafundishe jambo moja la kufanya wakikukosa: wasimame palepale na kukuita kwa sauti. Wakihitaji msaada, wamwendee mfanyakazi aliyevaa sare au mama mwenye watoto. Wakumbushe tena kila mnapoingia mahali penye watu wengi.

Kwenye treni kuna kanuni ya peke yake, nayo muifanyie mazoezi nyumbani. Milango ikifungwa mtoto akiwa amebaki nje, asiondoke alipo; wewe shuka kituo kinachofuata urudi. Akiwa yeye ndiye aliyechukuliwa na treni, ashuke kituo kinachofuata na asubiri hapohapo. Wewe mjulishe mhudumu wa kituo, kisha panda treni ya nyuma yake.

Je, kuna vya bure vyenye maana? (Wa bajeti ndogo)

Vipo, tena vizuri. Feri ya Staten Island mjini New York haina nauli na hupita ikiitazama Sanamu ya Uhuru. Washington, makumbusho ya Smithsonian hayatozi kiingilio. Tokyo, jengo la serikali ya jiji lina ukumbi wa kutazamia mandhari ulio mita 202 juu, nao ni bure.

Kijana wetu wa miaka 15 anasema matembezi ya familia yanachosha. Tumlazimishe? (Wazazi)

Aje, lakini asije kama mzigo. Mpeni saa mbili za mchana ziwe zake kabisa: achague pa kwenda, asome ramani, aamue basi gani mnapanda. Akichagua uwanja wa mpira au duka la muziki ambalo kwenu nyinyi halina maana, nendeni, na msikunje uso. Akipotea njia msimnyang'anye ramani. Mwacheni aulize watu.