Kabla hujapaka chochote: kufufua mkoba wa ngozi wa mtumba

Mkoba wa ngozi wenye miaka 30 au 40 ukikufikia mkononi, siku ya hatari zaidi kwake ni ile ya kwanza. Kabatini umevumilia vumbi, giza na joto. Halafu jioni moja unasuguliwa kwa sabuni ya kufulia, unapakwa mafuta ya nazi, unaanikwa juani, na kesho yake umekauka kama ubao. Siku ya kwanza usipake kitu. Kagua tu, ukiwa na mikono mikavu na mwanga wa dirishani.

Hakikisha kwanza kwamba ni ngozi. Tafuta ukingo ambao haujakunjwa wala kupakwa rangi, mara nyingi ndani ya mfuko mdogo au mwisho wa mkanda. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana. Ya bandia huonyesha tabaka jembamba juu na kitambaa chini yake. Tabaka hilo likishaanza kubanduka magamba magamba, hakuna krimu ya kulirudisha. Uache mkoba huo pale ulipoukuta.

Kisha fanya jaribio la tone la maji. Chovya ncha ya kidole kwenye maji safi, udondoshe tone moja mahali pasipoonekana, kwa mfano chini ya mfuniko, halafu uhesabu hadi 30. Tone likikaa juu kama ushanga, ngozi ina utando wa rangi juu yake, na mikoba mingi ya kubebea kila siku iko hivyo. Tone likizama polepole na kuacha doa jeusi linalopotea likikauka, hiyo ni ngozi wazi: rangi imeingia ndani, juu hakuna kinga, na kila utakachopaka kitanywewa. Hapa ndipo kazi mbili zinapoachana njia. Ngozi yenye utando inasafishika kirahisi na inapakika rangi upya. Ngozi wazi inataka mkono mwepesi, na doa la wino au la mafuta ya kupikia likishazama humo, lihesabu kuwa sehemu ya mkoba.

Kuna jibu la tatu, nalo ni baya. Ukipitisha kidole unabaki na unga wa rangi ya kutu, na tone linanyweka papo hapo na kuacha weusi usiotoka. Hiyo ni ngozi iliyotengenezwa kwa maganda ya miti ambayo asidi ya hewa chafu imeila kwa miaka mingi, na ngozi ikishaliwa hivyo hairudi. Maji yataifanya nyeusi na ngumu, mafuta yataifanya tope. Mafundi wa kujalidi vitabu huituliza kwa kuipaka aina ya selulosi iliyobadilishwa ili iyeyuke katika alkoholi, lakini lengo lao ni kitabu kikae rafuni, si mkanda ubebe mzigo.

Mengine karibu yote yanavumilika: ngozi iliyofifia, mikwaruzo, bitana chafu, shaba iliyogeuka nyeusi, mshono uliofumuka. Kinachotaka tahadhari ni nyufa zilizofika kwenye nyuzinyuzi pale mfuniko unapokunjwa, na bitana inayonata. Bitana za plastiki za miaka ya 1980 na 1990 huoza kwa unyevu wa hewa, zikaanza kushika vidole kama gundi. Poda huficha tatizo kwa wiki chache tu. Dawa yake ni kuing'oa bitana yote, kuitumia kama ramani ya kukatia kitambaa kipya, na kukishona hicho kipya kwa mkono chini ya mshono wa juu. Ni kazi ya siku mbili, kwa hiyo itie kwenye hesabu kabla hujalipa.

Kusafisha

Ngozi ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi: namba ikipanda, asidi inapungua) ikiwa kati ya 4 na 5 hivi. Sabuni ya mche huwa na pH ya 9 hadi 10, na magadi nayo yako upande huohuo. Ndiyo maana ngozi iliyooshwa kwa vitu hivyo huonekana safi siku ya kwanza, kisha hukakamaa. Tumia shampuu ya mtoto au sabuni laini ya maji: matone 3 katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu. Piga povu kwa sifongo, ukamue maji, usafishe kwa lile povu peke yake. Safisha upande mzima kuanzia mshono hadi mshono. Ukisugua doa tu, ukingo wa maji hukauka na kubaki kama alama ya chai iliyomwagika, na kuiondoa hiyo ni shida kuliko doa lenyewe.

Futa kwa kitambaa chenye maji safi kidogo, ujaze mkoba kwa taulo au karatasi nyeupe, uuache kivulini saa 24. Usitumie gazeti, wino wake huhamia kwenye bitana. Draya ya nywele na jua viache kando, kwa sababu ngozi iliyolowa husinyaa ikipata joto. Ile ya maganda ya miti, hata ikiwa nzima, husinyaa kwenye nyuzi joto 70 hadi 80 hivi, na ikizeeka kiwango hicho hushuka. Draya ikisogezwa karibu hufika huko bila wewe kujua.

Kuna mikoba michache inayovumilia kuogeshwa kabisa. Maarufu zaidi ni ile ya zamani ya Coach, kampuni iliyoanzia New York mwaka 1941: ngozi nene ya ng'ombe, haina bitana, vifungo vya kuzungusha vya shaba. Wapenzi wake huizamisha kwenye beseni lenye vijiko viwili vya chai vya sabuni laini kwa dakika 10 hadi 15, kisha hubadilisha maji mpaka yatoke safi. Kabla ya kuthubutu, paka maji kwenye kitambaa cheupe ukisugue mahali pa siri. Rangi ikitoka nyingi, hasa nyekundu, buluu iliyoiva au nyeusi, acha. Mkoba wa rangi mbili usiuogeshe kamwe, wala wenye bitana au kadibodi ndani. Ukiutoa majini, ukandamize kwa taulo bila kuukamua, uujaze, uunyooshe kwa mikono hadi upate umbo, uusubiri siku 2 hadi 4. Uguse kwa shavu: ukiwa bado na ubaridi kidogo lakini haulowanishi, ndio wakati wa kupaka krimu safu ya kwanza.

Weupe juu ya ngozi

Wengi wakiona utando mweupe husema ni ukungu. Mara nyingi ni mafuta ya ngozi yenyewe yaliyopanda juu kwa sababu ya baridi au kupakwa kupita kiasi. Hapa draya ina kazi yake: iweke kwenye joto la chini, umbali wa shubiri moja, sekunde 5 hadi 10. Mafuta yatayeyuka na kutoweka. Ukungu utabaki palepale, na pua itakuthibitishia. Mafuta yafute, basi. Ukungu upeleke nje, vaa barakoa, upigie brashi laini, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Jaribu kwanza mahali pa siri, maana spiriti huweza kung'oa rangi. Ukiurudisha kwenye chumba chenye unyevu uleule, ukungu nao unarudi.

Harufu ya kabati ni jambo jingine. Safisha bitana kwa maji na siki kwa kiasi sawa, ikauke, kisha ufungie mkoba kwenye boksi pamoja na kibakuli cha mkaa kwa wiki moja au mbili. Manukato huongeza harufu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mafuta, na kwa nini yawe kidogo

Krimu ya ngozi ukubwa wa punje ya harage inatosha upande mmoja wa mkoba wa kawaida. Sambaza kwa kitambaa, acha saa 12, futa, ndipo uamue kama unahitaji safu ya pili. Kandamiza karatasi nyeupe kwa kiganja: ikitoka na doa, umepitiliza. Ngozi iliyoshiba mafuta hulegea, mkoba hupoteza mabega yake, na baadaye hakuna gundi wala rangi itakayoshika. Mafuta ya kupikia huchacha yakiwa ndani ya ngozi. Yale ya kwato za ng'ombe yanafaa hatamu za farasi, lakini hugeuza mkoba wa rangi ya asali kuwa kahawia iliyoiva. Mafuta ya mgando hukaa juu yakikusanya vumbi. Na kama ngozi ina utando wa rangi, sehemu kubwa ya unachopaka haiingii popote, unaing'arisha tu.

Mshono

Hapa ndipo mikoba mingi inapokufa, na ndiyo kazi rahisi kujifunza. Nunua uzi wa poliyesta uliotiwa nta, unene wa milimita 0.6 hadi 0.8, na sindano mbili butu. Butu, kwa sababu matundu yapo tayari: ukitoboa mapya kando ya yale ya zamani unatengeneza mstari wa kuchania, kama wa stempu. Ndiyo sababu pia cherehani haifai kwa kiraka cha namna hii. Kata uzi mara nne ya urefu wa sehemu iliyofumuka na uweke sindano kila ncha.

Anza matundu matatu nyuma, ndani ya mshono ambao bado mzima. Pitisha sindano ya kulia, vuta mpaka uzi ulingane pande zote. Tundu linalofuata, kulia iingie kwanza. Kabla kushoto haijapita tundu hilohilo, vuta uzi wa kwanza nyuma kidogo ili sindano isiuchome katikati. Ukiuchoma, uzi utakataa kukaza na hutaelewa kwa nini. Vuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa, hadi uzi ulale ndani ya mfereji wa zamani, basi. Ukizidisha, uzi wa poliyesta hukata ngozi kuukuu kama waya unavyokata sabuni. Mwishoni rudi nyuma matundu 2 au 3, kata ukibakiza milimita 2, yeyusha ncha kwa ubavu wa moto wa kiberiti na uikandamize ikiwa bado moto.

Ngozi zilizoachana bila mshono zinataka gundi ya viatu: paka pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isishike kidole, ndipo ukandamize. Gundi ile ya kukauka papo hapo hugeuka kioo, na mkunjo wa kwanza huivunja pamoja na ngozi.

Shaba na zipu

Pitisha sumaku. Ikishika, ni chuma kilichopakwa. Isiposhika, ni shaba au aloi ya zinki iliyopakwa, na kifungo chepesi kuliko kinavyoonekana mara nyingi ni zinki. Shaba tupu unaweza kuing'arisha. Kilichopakwa kifute tu, utando ule ni mwembamba na ukitoka hautarudi kwa kusugua. Kuzunguka ribiti huota kitu cha kijani, laini kama nta: ni shaba iliyoingiliana na mafuta ya ngozi. Kikwangue kwa kijiti cha meno, malizia kwa pamba, na usitumie maji. Dawa ya kung'arishia ikigusa ngozi huacha weupe kwenye vinyweleo, kwa hiyo kata kipande cha karatasi ngumu chenye tundu na ukivalishe kwenye kifungo kabla hujaanza. Limau na chumvi ni kwa kifungo kilichotolewa kwenye mkoba peke yake.

Zipu nzito ipake mshumaa. Ikifungwa na kuachana nyuma ya kichwa, mara nyingi meno hayana kosa, kichwa kimepanuka. Kibane kidogo kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, ukijaribu kila mara, maana kikipasuka ni kununua kingine.

Rangi iwe ya mwisho

Mikwaruzo mingi hutulia kwa krimu yenye rangi, na hapo ungeweza kuishia. Kupaka upya ni kwa ngozi yenye utando uliobanduka pembeni. Futa kwa pamba yenye asetoni kidogo mpaka mng'ao wa zamani utoke, jaza nyufa kwa dawa ya kujazia safu nyembambanyembamba, ikikauka piga msasa namba 400. Changanya rangi na ukaushe tone lake kwenye karatasi kabla ya kulinganisha, maana rangi mbichi hudanganya. Paka kwa sifongo safu 4 hadi 6, nyembamba kiasi kwamba ya kwanza ikukatishe tamaa, nusu saa kati ya kila moja. Rangi inayobanduka kama ngozi ya kitunguu ilipakwa juu ya mafuta. Inayopasuka kwenye mkunjo ilipakwa nene.

Malizia kwa safu mbili za kinga na usubiri siku 3. Hata baada ya hapo, weka karatasi yenye nta kati ya mfuniko na mwili wa mkoba kwa wiki nzima. Rangi kavu kwa kidole bado ni laini ndani, na mfuniko uliofungwa usiku mmoja tu hugandana na mwili. Asubuhi ukifungua, kipande cha kazi yako kinatoka nao.