Re: Wanawake kwenye besiboli ya kulipwa
Mkuu, ulichosikia ni kweli, wanawake wamewahi kucheza besiboli ya kulipwa timu moja na wanaume. Timu hiyo ni Sonoma Stompers, ya mji mdogo wa mashamba ya zabibu huko California. Ilianza 2014 ikiwa huru, yaani si tawi la klabu kubwa yoyote, na mishahara yake ilikuwa kiduchu. Tarehe 1 Julai 2016 Stacy Piagno aliianzia Stompers mechi kama mrushaji, yaani anayemrushia mpinzani mpira aupige, na Kelsie Whitmore, binti wa miaka 17, akalinda uwanja wa nyuma kushoto. Msukumo ulitoka kwa kampuni ya mvinyo ya Francis Ford Coppola, yule mwongozaji wa filamu, kwa hiyo tusidanganyane, biashara ilikuwemo. Lakini mwaka huohuo Stompers walibeba ubingwa wa ligi yao, Pacific Association. Baadaye Stompers ikageuka timu ya wanavyuo.