Tani 50 kutoka Nairobi kwenda magharibi: njia huchaguliwa kwa mteremko

Ukishapakia Industrial Area mzigo wa Malaba, Busia au Kisumu, swali la kwanza ni moja: unapita juu au chini? Juu ni Kimende, Kinale na Kinungi. Chini ni barabara ya Mai Mahiu, ile iliyojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940. Njia hizi huachana Rironi na kukutana tena Naivasha, na tofauti ya kilomita ni ndogo mno kuamua chochote. Kinachoamua ni breki: zitashikilia lori kwa muda gani mfululizo, na zitapoa wapi.

Lori la tani 50 likiteremka mita 500 za kimo huzalisha joto la kutosha kuchemsha zaidi ya lita 700 za maji. Joto hilo lazima liende mahali. Sehemu isiyomezwa na injini huingia kwenye dramu za breki. Dramu ikipata moto hutanuka na kukaa mbali na lainingi (bamba linaloisugua ili gurudumu lisimame), fimbo ya chemba, ile inayosukumwa na upepo ili kubana breki, nayo inalazimika kwenda mbali zaidi kila ukikanyaga, mpaka inafika mwisho wake. Wakati huo geji ya upepo bado inasoma vizuri, lakini lori halishikiki. Watu husema breki zimekatika ghafla. Hapana, zilianza kuisha kilomita kadhaa nyuma, na harufu ya kuungua ilikuwapo.

Kwa hiyo, ukiwa na mzigo kamili na lori lisilo na ritada (kifaa cha kupunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu), pita juu, mradi polisi au vibao vya siku hiyo havijaelekeza malori kwingine. Utapanda zaidi, mpaka karibu mita 2,500 huko Kinale, na dizeli itakwenda zaidi. Lakini mteremko wa kuelekea Naivasha umetawanyika, na pembeni kuna nafasi za kusimama. Mai Mahiu mteremko ni mkali, barabara nyembamba, upande mmoja mwamba na mwingine bonde, na matatu zinapita kwa haraka. Lori likianza kukushinda pale, huna pa kulipeleka. Msimu wa mvua kuna pia maporomoko na mafuriko; ya Aprili 2024 pale Mai Mahiu hayajasahaulika. Shida ya juu ni ukungu. Panga ufike Kinale kuanzia saa nne asubuhi, ukungu ukiwa umepungua, na usikubali kusukumwa na mwenye mzigo uondoke saa kumi alfajiri.

Jambo moja linapuuzwa sana: mizani. Mizani ya Gilgil iko baada ya mteremko. Mzigo uliopakiwa Nairobi unaweza kushuka eskapimenti yote, yaani ukingo wa Bonde la Ufa, ukiwa umezidi, kosa lionekane hatari ikiwa imeshapita. Pima kabla ya kutoka mjini. Mipaka ya Afrika Mashariki ni tani 8 ekseli ya usukani, 18 ekseli mbili za nyuma za kichwa zenye tairi nne nne, na 24 ekseli tatu za trela; jumla 50. Jumla ikiwa sawa lakini trela imebeba 27, bado una tatizo, kwa sababu breki za trela ndizo zitakazoungua kwanza.

Kabla ya Rironi, simama mahali pa tambarare. Toa maji kwenye matangi ya upepo. Jaza upepo mpaka bar 8 au zaidi, weka vigingi kwenye magurudumu, achia breki ya maegesho, zima injini, kanyaga breki na ushikilie dakika moja. Sindano ikishuka zaidi ya bar 0.3 hivi, kuna mahali panavuja, usiendelee. Kisha mwambie utingo akanyage huku wewe ukiangalia fimbo za chemba moja baada ya nyingine. Inayotoka mbali kuliko mwenzake haijarekebishwa, na gurudumu hilo halitakusaidia mlimani.

Gia huchaguliwa juu, kabla ya mteremko kuanza. Ukishaanza kukimbia na kujaribu kurudisha gia, unaweza kuikosa ukabaki huna gia kabisa. Lori la gia za otomatiki liweke kwenye manyua, yaani uchague gia mwenyewe. Acha injini na breki ya egzosti (inayobana moshi wa injini ili kupunguza mwendo) zifanye kazi kubwa. Kama mwendo wako salama ni kilomita 40 kwa saa, ukifika 40 kanyaga kwa nguvu inayosikika, shuka mpaka 30, achia, rudia. Usiguseguse breki mfululizo, na usishushe lori kwa mkono wa breki ya trela peke yake. Utaunguza ekseli tatu ukiacha nyingine baridi.

Kuweka nyutro ili kuokoa mafuta ni imani inayoua, tena haina hesabu. Injini ya dizeli ya kisasa ikiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata dizeli kabisa. Ukiwa nyutro inaendelea kunywa ili isizime.

Baada ya Nakuru utapanda mpaka Mau Summit. Ukiwa na mzigo wa Busia, endelea na Timboroa, Eldoret na Webuye, kwa sababu njia ya Kericho inashuka zaidi ya mita 800 kufika tambarare za Kano, na Londiani Junction mwaka 2023 lori lililoacha njia liliua watu zaidi ya 50. Mzigo wa Kisumu hauna budi kupita Kericho. Simama Kericho dramu zipoe kabla ya kuendelea. Usimwagie dramu maji, zitapasuka. Barabara kuu ikifungwa, mtu atakushauri uzungukie Kabarnet na Iten. Kataa ukiwa na trela: utashuka bonde la Kerio kisha upande ukuta wa zaidi ya mita 1,000 wenye kona za kujikunja. Subiri hapo Nakuru mpaka barabara ifunguliwe, hata ikibidi ulale.

Na ukirudi na mahindi kutoka Eldoret, mteremko mbaya ni wa Sachangwan kushuka Salgaa. Kagua breki Mau Summit, upya, kama vile hukuzigusa asubuhi.